Mbegu ya Rekodi

Jumapili ya tarehe 29 Juni 2025, hapa Unyambwa, tulikuwa tunapura alizeti. Juni kwetu Singida ni mwezi wa upepo, upepo mkavu wenye baridi unaopasua midomo, lakini mkulima huupenda kwa sababu ndio unaompepetea mazao yake bila kudai ujira. Vichwa vilivyokauka tulikuwa tumevirundika juu ya turubai, kila mtu na fimbo yake, na kila pigo likitoa vumbi linaloingia hadi kwenye kope. Upuraji si kazi ya maneno mengi. Siku hiyo, hata hivyo, kila aliyeinua fimbo alikuwa na la kusema, kwa sababu ilikuwa siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho. Zanzibar, katika Uwanja wa New Amaan, Yanga walikuwa wanakutana na Singida Black Stars.

Timu hii ya Singida watangazaji wameipa jina la Walima Alizeti. Nalisikia redioni karibu kila wiki, na kila nikilisikia natazama mikono yangu. Jina hilo ni letu kabla halijawa lao. Tumelipata kwa jembe, kwa palizi ya Februari jua likiwa kali, kwa miaka ambayo mvua ilikatika alizeti ikiwa imeanza kutoa maua. Sioni ubaya timu kuitwa hivyo. Nafurahi. Ila furaha yenyewe inakuja na swali, na swali hilo nimelibeba tangu siku ile.

Kazi ilikatika mapema kuliko desturi. Tukajipukuta vumbi, tukaenda kibanda umiza kutazama mechi. Nilidhani nitakuta kibanda kizima kiko upande wa Singida. Nilichokuta ni jezi za njano na kijani zimejaa mabenchi ya mbele. Waliobaki, wengi wao walikuwa watu wa Simba waliokuja kuomba Yanga afungwe, na wangeomba vivyo hivyo hata kama Yanga angekuwa anacheza na timu ya mbinguni. Waliotaka Singida ishinde kwa sababu tu ni Singida niliwahesabu; hawakufika kumi. Duke Abuya alipofunga bao la kwanza la Yanga, yeye aliyewahi kuvaa jezi ya Singida, nusu ya kibanda kiliruka. Clement Mzize akafunga la pili. Mechi ikaisha 2-0.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kando yangu, shuka limemfunika mabega. Hakushangilia, hakununa. Mechi ilipoisha akanigeukia akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii timu ni yetu, au imepanga tu hapa?"

Nikamjibu, "Ni yetu, babu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Utaniambia mwakani."

Mtu asiyeifahamu Singida anaweza kudhani mzee yule alikuwa na moyo mgumu. Hakuwa. Alikuwa na kumbukumbu.

Kwanza ilikuwa Singida United. Mwaka 2017 ilirudi Ligi Kuu baada ya kukaa nje miaka mingi, na mkoa mzima ukajisikia umerudishiwa kitu kilichokuwa kimepotea. Kocha alikuwa Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyewahi kuifundisha Yanga. Mwanzoni mwa msimu mechi zao za nyumbani zilichezwa Dodoma kwa kuwa Uwanja wa Namfua, unaoitwa Liti siku hizi, ulikuwa unatengenezwa. Novemba mwaka huo uwanja ulipokuwa tayari Yanga wakaja, na mechi ikaisha bila bao. Sare tasa, lakini watu walirudi vijijini wakiisimulia kama ushindi. Msimu ule United walimaliza nafasi ya tano na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, wakafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Kisha fedha zikapungua, wachezaji wakaondoka mmoja mmoja, na mwaka 2020 timu ikashuka daraja. Jezi zake bado unaziona shambani hapa Unyambwa, zimepauka, zinavaliwa wakati wa kupiga dawa.

Mwaka 2022 tukapewa nyingine. Timu ya DTB ya Dar es Salaam ilipanda daraja, ikahamia kwetu na kuitwa Singida Big Stars. Pluijm naye akarudi. Msimu wake wa kwanza ikamaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, na kupata nafasi ya kucheza Afrika. Lakini kabla haijapanda ndege jina lilikuwa limebadilika tena, ikawa Singida Fountain Gate. Haukupita muda ikaondoka kabisa, ikalichukua jina la Fountain Gate na kutuachia hilo la Singida. Leo ni timu ya Babati.

Halafu ikaja hii ya sasa. Hii ilizaliwa Mbarali, mkoani Mbeya, kwa jina la Ihefu. Ihefu ni ardhi oevu ya bonde la Usangu, mahali maji ya mto Ruaha Mkuu yanapotulia kabla ya kuendelea na safari. Ihefu na DTB zilipanda Ligi Kuu pamoja, mwaka huo huo wa 2022, na zote mbili kwa zamu zikaja kubeba jina la mkoa wetu. Mwaka 2024 timu yenye jina la maji ikahamia kwenye nchi kavu na kuitwa Singida Black Stars.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sisi watu wa Singida hatupendi kulisema. Tulipoachwa na Fountain Gate tuliumia. Tulisema timu si mbuzi wa kufungwa kamba na kupelekwa mnadani. Lakini Ihefu ilipokuja hatukuuliza imetoka kwa nani. Mbarali walikuwa na uwanja wao wa Highland Estate, wamezungukwa na mashamba ya mpunga, na tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja huo, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ilisimama. Msimu uliofuata wakawafunga tena pale pale, 2-1. Ushindi ule ni wa nani leo? Katika vitabu ni wa klabu, na klabu sasa inaitwa Singida. Lakini mkulima wa mpunga aliyepiga kelele siku ile hadi sauti ikamkauka, kelele zake hazikupakiwa kwenye basi lililoleta wachezaji huku.

Si sisi tu. Wamarekani nao wana mpira wao, ule wa kubeba mikononi, wenye umbo la yai, wanaoucheza wamevaa kofia ngumu. Ligi yao kubwa ina timu 32 na haina kushuka daraja. Timu inaweza kufungwa msimu mzima na mwakani ikaanza pale pale ilipokuwa. Ungedhani basi mashabiki wao hawajui uchungu wa kupoteza timu. Wanaujua sana, kwa sababu kule timu ina mwenyewe, na mwenyewe akitaka anaihamisha. Mji wa Baltimore ulikuwa na timu iliyoitwa Colts. Usiku mmoja wa Machi 1984, theluji ikianguka, malori yalifika kwenye makao ya klabu, yakapakia kila kitu na kwenda Indianapolis. Watu waliamka asubuhi timu haipo.

Kilichobaki Baltimore ni bendi. Klabu ilikuwa na bendi yake ya matarumbeta, ya watu wa kawaida wenye kazi zao, na bendi ile haikuvunjika. Iliendelea kupiga kwenye maandamano, kwenye sherehe, hata kwenye viwanja vya timu za miji mingine, kwa miaka 12, bendi ya timu isiyokuwepo. Nikiwaza uaminifu, bendi ile hunijia kwanza kuliko mchezaji yeyote wa mpira ninayemjua. Mwaka 1996 Baltimore walipata timu tena. Waliipata kwa namna ile ile waliyoporwa: mwenye timu ya Cleveland aliihamisha kutoka mji wake na kuileta kwao. Aliyelia miaka 12 akafuta machozi kwa kitambaa cha jirani.

Cleveland, kwa upande wao, walikataa. Walikwenda mahakamani, wakapiga kelele, na mwisho wakakubaliwa jambo moja kubwa: timu iende, lakini jina, rangi na historia vibaki. Timu iliyohamia Baltimore ililazimika kutafuta jina jipya. Mwaka 1999 Cleveland wakaunda timu nyingine, ikavaa jina la zamani, rangi za zamani, na kurithi matokeo yote ya zamani. Naona walidai kitu sahihi. Hawakudai wachezaji, kwa kuwa mchezaji ana miguu na maisha yake. Walidai kumbukumbu. Mbarali hawakupata mtu wa kuwadaia, na sisi Singida, tulioachwa mara mbili, ndio tuliopaswa kuwaelewa kuliko wote.

Turudi nyumbani, kwenye msimu. Lugha yetu ina neno moja kwa mpira na kwa kilimo, nami nadhani lugha haikukosea. Singida tuna msimu mmoja tu wa mvua. Unaanza Novemba ikikaribia mwisho, au Desemba ikichelewa, na kufikia mwisho wa Aprili umekwisha. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani na kaskazini, hatuna nafasi ya kusema tutarekebisha miezi mitatu ijayo. Ukikosea kupanda umekosea mwaka. Ndiyo maana mkulima wa huku haupimi msimu kwa kuangalia wingu la siku moja, wala hakati tamaa kwa wiki mbili za jua.

Sasa angalia timu ilivyoendeshwa katika msimu wa 2024/25. Ilianza na Patrick Aussems, Mbelgiji aliyewahi kuipa Simba ubingwa, na ilianza vizuri, ikishinda mechi zake za mwanzo na kukaa juu ya msimamo kwa muda. Novemba, sisi tukisafisha mashamba, akaondolewa. Akaja Miloud Hamdi. Kufikia Februari, tukiwa kwenye palizi, Hamdi alikuwa kocha wa Yanga. Timu akaishika David Ouma, Mkenya, akiwa wa tatu kwa msimu mmoja, na ni kwa mkono wake timu ikatulia. Ikamaliza nafasi ya nne. Tarehe 31 Mei, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Babati, ikaifunga Simba 3-1. Ouma anastahili heshima ambayo hakupewa. Alikabidhiwa shamba lililopandwa na mwingine, likapaliliwa na mwingine, akalivuna bila kumwaga.

Na wachezaji? Jonathan Sowah, Mghana, alikuja katikati ya msimu, Januari. Katika nusu ya ligi aliyoicheza alifunga mabao 13. Nilimwona kwenye televisheni akigeuka na beki mgongoni kama mtu anayegeuza gunia, na nilifurahi kama mtoto. Msimu ulipoisha alikwenda Simba.

Hapo ndipo ninapokumbuka mbegu. Wazee wetu walipanda alizeti inayoitwa Rekodi. Kichwa chake si kikubwa sana na mafuta yake si mengi kama ya hizi za kisasa, lakini ukivuna unachagua vichwa vilivyonona, unaviweka kando, na Desemba unapanda mbegu yako mwenyewe. Siku hizi tuna mbegu chotara. Chotara inazaa. Siwezi kuisema vibaya, imewajengea watu nyumba za bati hapa kijijini. Mafuta yake ni mengi, inakomaa pamoja, na mwenye kiwanda cha kukamua anaipenda. Lakini huwezi kuitunza. Ukipanda punje ulizovuna kwenye chotara, mwaka wa pili shamba linaharibika: moja refu, moja fupi, moja haina kitu. Kila msimu lazima urudi dukani na fedha mkononi. Mwaka ambao huna fedha, huna shamba. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoanguka, watu wengi hapa walikaa Desemba wakitazama mvua inanyesha kwenye ardhi tupu, wakati jirani mwenye debe lake la Rekodi darini alipanda.

Singida United ilikuwa timu ya kununua kila msimu, na msimu fedha zilipokosekana haikuwa na debe darini. Big Stars ilikuwa hivyo hivyo. Nawaomba wenye Singida Black Stars wasome sentensi hizi mbili kwa utulivu, kwa sababu naipenda timu yao na sitaki kuizika.

Sisemi wageni wasije. Januari 2025 wachezaji watatu wa timu, Emmanuel Keyekeh aliyetoka Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Damaro Camara wa Guinea, walipewa uraia wa Tanzania, na mjadala ulikuwa mkali nchi nzima. Mimi sikuwa upande wa waliokasirika. Sisi Wanyaturu wa hapa tunajua mgeni anayekaa, akalima, akazika na kuzikwa na watu, huwa mwenyeji, na hakuna anayemuuliza tena alitokea wapi. Ninachouliza ni kinyume chake: katika msimu ule wa mechi 30, kijana wa Unyambwa, wa Mtamaa, wa Mwankoko, alikuwa wapi? Nimewaona wanacheza. Jioni baada ya kuswaga ng'ombe wanakusanyika kwenye kiwanja cha vumbi chenye magoli ya miti, peku, na yupo mmoja wa miaka kama kumi na minne ambaye akiupokea mpira kwa kifua hata wanaotoka kisimani wanasimama na ndoo zao. Uwanja mpya wa timu, Uwanja wa Airtel uliofunguliwa mwaka 2025, uko Mtipa, ndani ya manispaa hii hii ya Singida. Mtoto yule hajawahi kuuingia.

Baada ya fainali ile ya Zanzibar mambo yamekwenda vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Miguel Gamondi, Muargentina aliyekuwa Yanga, alichukua timu. Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame, kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan 2-1 katika fainali jijini Dar es Salaam. Kombe la Afrika Mashariki na Kati, lenye jina la Singida. Usiku ule nilitoka nje nikasimama gizani peke yangu kwa muda. Kisha ikaitoa Rayon Sports ya Rwanda, ikaitoa Flambeau du Centre ya Burundi, ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi za nyumbani dhidi ya timu hizo mbili zilichezwa Chamazi, Dar es Salaam. Kutoka hapa ni safari ya kilomita zipatazo mia saba. Usiku mkubwa kuliko yote katika historia ya jina letu tuliutazama, kama kawaida, kwenye kibanda umiza.

Nilimkuta mzee yule tena, siku ya Kagame. Nikamwambia, "Babu, umeona? Ni yetu."

Akacheka, akanishika mkono. "Mpangaji mzuri huyu, mjukuu wangu. Analipa kodi vizuri. Sasa mwambie aoe hapa."

Nimelifikiria jibu lake tangu siku ile, na sina la kuongeza zaidi ya kulifikisha kwa wahusika. Wenye timu, tunajua mna kazi nyingi na mashindano makubwa. Tunaomba siku tatu tu. Njooni mwezi wa saba. Alizeti itakuwa imeshapurwa, mashamba yako wazi, na barabara ya Unyambwa kiangazi inapitika hata kwa gari dogo. Leteni kocha mmoja wa vijana, filimbi na daftari la kuandikia majina. Kiwanja kipo, na watoto watakuwepo kabla ninyi hamjafika.